Honi na vitufe vya usukani: Jinsi ya kutafuta hitilafu ya umeme

Gari la mizigo linaweza kusimamishwa njiani kwa sababu ya honi tu, na kila siku linapolala barabarani ni gharama kwa mwenye gari na mwenye mzigo. Hata hivyo, si ajabu mmiliki kuuziwa kifaa cha bei kubwa wakati kilichoungua ni fyuzi. Kinachookoa fedha hapa ni kufuata utaratibu wa uchunguzi kabla ya kununua kipuri chochote.

Umeme unavyopita kwenye usukani

Usukani unazunguka, lakini nyaya za gari hazizunguki. Kinachounganisha pande hizo mbili katika magari mengi ni utepe mwembamba wa nyaya uliokunjwa ndani ya kasha la plastiki, nyuma ya usukani. Wauzaji wa spea hukiita klokspringi. Utepe huo hupitisha umeme wa honi, vitufe vya redio, kidhibiti mwendo na mfuko wa hewa wa dereva. Dereva anapokata kona hukunjuka na kukunjika, na baada ya miaka mingi huweza kukatika.

Si tatizo la magari yaliyochakaa peke yake. Mwezi Aprili 2014, Toyota ilitangaza kuyaita magari yapatayo milioni 6.39 duniani kwa kasoro mbalimbali, mojawapo ikiwa ya utepe huu, ambao ungeweza kuharibika na kuzima mfuko wa hewa.

Dalili na maana zake

- Honi, vitufe vya redio na kidhibiti mwendo vimekufa kwa pamoja, na taa ya mfuko wa hewa inawaka: shuku utepe kwanza.
- Vitufe hufanya kazi usukani ukiwa sehemu moja na kufa ukizungushwa: utepe umekatika au unakaribia kukatika.
- Kitufe kimoja tu hakifanyi kazi: tatizo liko kwenye kitufe chenyewe, mara nyingi vumbi, soda iliyomwagika au kuchakaa.
- Honi peke yake imekufa: anza na fyuzi, rilei na honi yenyewe.
- Vitufe vya redio vilikufa baada ya redio kubadilishwa: huenda usukani hauna kosa. Redio nyingi za magari yaliyotumika Japani hazifikii masafa yote ya FM ya Afrika Mashariki, hivyo wamiliki huweka redio nyingine, na fundi asipounganisha waya wa vitufe haviwezi kufanya kazi.

Hatua za uchunguzi

Kwanza ni fyuzi. Ikiungua tena mara baada ya kubadilishwa, kuna waya unaogusa bodi. Kuweka fyuzi kubwa zaidi au kipande cha waya ni kukaribisha moto.

Pili ni rilei. Mtu mmoja abonyeze honi na mwingine asikilize kwenye sanduku la rilei. Ukisikika mlio mdogo wa "tak", upande wa usukani unafanya kazi. Fundi akague honi, waya wake na ethi. Usiposikika, jaribu rilei nyingine ya aina ileile. Kwa malori yenye honi ya upepo, presha na mipira ya hewa vikaguliwe pia.

Tatu ni vitufe. Katika magari mengi ya Japani, kila kitufe kina kiwango chake cha omu kwenye waya uleule. Baada ya kuchomoa plagi ya vitufe chini ya usukani, mita ionyeshe namba tofauti kwa kila kitufe. Namba zikirukaruka usukani unapozungushwa polepole, utepe ni mbovu. Kwa magari mapya, yakiwemo malori mengi ya Ulaya ambayo vitufe vyake hutuma taarifa kwenye kompyuta, kipimo hiki hakisaidii. Inahitajika mashine ya kusomea kompyuta ya gari.

Tahadhari ya mfuko wa hewa

Mfuko wa hewa hulipuka kwa umeme mdogo sana na unaweza kumuumiza vibaya au kumuua fundi. Kabla ya kufungua usukani, zima swichi, chomoa hasi ya betri na usubiri. Toyota nyingi huhitaji angalau sekunde 90. Watengenezaji wengine hutaka dakika kadhaa. Plagi za mfuko wa hewa, ambazo kwa kawaida ni za njano, zisipimwe kwa mita.

Fundi anayetoa balbu ya taa ya onyo au kuweka kifaa cha kuidanganya kompyuta hajatengeneza gari. Amemwachia dereva usukani ambao mfuko wake unaweza kukataa kufunguka siku ya ajali.

Kununua na kufunga kipuri

Kipuri kinunuliwe kwa namba ya chasi. Ni muhimu zaidi kwa wanaovuka mipaka, kwani Kenya, Uganda na Tanzania huendesha upande wa kushoto wa barabara, huku Rwanda, Burundi na Kongo zikiendesha upande wa kulia, na kipuri cha gari la usukani wa kushoto huenda kisiingie kwenye la kulia. Utepe wa mtumba ni kamari, kwa kuwa mnunuzi haoni umechakaa kiasi gani.

Wakati wa kufunga, magurudumu ya mbele yawe yamenyooka na utepe uwekwe katikati ya mzunguko wake. Usipowekwa hivyo, utakatika kona kali ya kwanza. Kosa hilo hutokea pia mafundi wanapofungua shafti ya usukani bila kuufunga usukani usizunguke. Kwa hiyo gari lililotoka gereji kwa kazi ya stiringi na kurudi bila honi, swali la kwanza liwe kwa fundi huyohuyo, kabla mmiliki hajalipia kipuri kipya.