Zaha Ionekanayo Kutoka Angani

Istilahi "mtiririko wa zaha" imebebeshwa mambo mawili: zaha inayokwenda, na mwamba uliobaki zaha ilipoganda. Asimamaye ukingoni mwa kreta hahitaji kuelezwa tofauti. Lakini tangu Landsat ya kwanza iliporushwa mwaka 1972, milima ya mbali huchunguzwa kwa picha za setilaiti, na mfasiri hana budi kusema kinachoonekana ni kipi.

Ol Doinyo Lengai, kaskazini mwa Tanzania, ndio mtihani wenyewe. Zaha yake, ambayo J. B. Dawson aliieleza mwaka 1962, ina kaboneti ya sodiamu kwa wingi. Joto lake ni nyuzi 500 hadi 600 za Selsiasi, takriban nusu ya joto la zaha ya basalti. Hutoka nyeusi, kisha kwa unyevu hugeuka nyeupe baada ya siku chache. Basi pichani weusi ni upya, weupe ni ukuukuu; na kama ingali ikienda, hilo hujulikana kwa miali ya joto isiyoonekana kwa macho. Aandikaye "mtiririko" kwa yote humfanya msomaji adhani kilele kizima kinatiririka, kosa zito katika taarifa ya tahadhari. Twaonelea neno hilo libakie kwa zaha iendayo. Iliyotulia na iitwe "zaha mgando", kama tusemavyo maziwa mgando.