Kivumishi 'lunar' katika Kiingereza na Kiromania

NENO 'lunar' huandikwa kwa herufi zile zile katika Kiingereza na Kiromania, na asili yake ni moja: Kilatini 'luna', yaani mwezi wa angani. Hata hivyo, kufanana huko kwa sura ni mtego kwa mfasiri asiyekuwa macho.

Katika Kiingereza, kivumishi hiki huhusu mwezi wa angani tu. 'Lunar eclipse' ni kupatwa kwa mwezi. 'Lunar year' ni mwaka wa miandamo 12, wenye siku 354 hivi, kama ule wa kalenda ya Kiislamu. Jambo la kila mwezi wa kalenda huitwa 'monthly'.

Mambo ni tofauti katika Kiromania. Nomino 'lună' hubeba maana mbili, sawa kabisa na 'mwezi' wetu: ule unaong'aa usiku na ule unaohesabiwa kwa siku. Kwa hivyo 'eclipsă lunară' ni kupatwa kwa mwezi, ilhali 'salariu lunar' ni mshahara wa mwezi na 'raport lunar' ni ripoti ya kila mwezi. Anayeifasiri hiyo ya mwisho kuwa 'lunar report' kwa Kiingereza humgeuza mhasibu wa watu kuwa mwanaanga! Mswahili hapa yu karibu na Mromania kuliko Mwingereza, kwani hata kwetu 'mbalamwezi' na 'kodi ya mwezi' hutoka katika neno lile lile.

Kisarufi, 'lunar' ya Kiingereza hutangulia nomino na haibadiliki kamwe. Ya Kiromania aghalabu hufuata nomino, kama vivumishi vyetu, tena hupatana nayo kwa jinsia na idadi. Nomino ya kiume huchukua 'lunar', wingi 'lunari': 'munți lunari' ni milima iliyoko mwezini. Ya kike huchukua 'lunară', wingi 'lunare'. Kuna na jinsia ya tatu, ambayo umoja wake hufuata kiume na wingi wake kike, ndipo 'ciclu lunar' (mzunguko wa mwezi) ikawa 'cicluri lunare'.

Zaidi ya hayo, Kiromania hulitumia neno hili kama kielezi. 'Plătesc lunar' ni 'ninalipa kila mwezi', na hapo halibadiliki, awe mlipaji ni mwanamume au mwanamke, mmoja au wengi.