Sauti ya mitume ilifika namna gani kwa wale ambao hawakuwaona?

Ukipita leo katika barabara za Goma, Bukavu, Bunia ao Uvira, hautakosa kibao chenye kutangaza mkutano wa mtu mwenye kujiita Mtume. Kila mmoja anasema neno lake linatoka kwa wale Kumi na Wawili. Sasa muumini wa kawaida atajua namna gani nani wa kusikiliza? Ulizo hilo si la leo. Wakristo wa karne ya pili walikutana nalo, na hali yao ilikuwa ngumu kuliko yetu: mitume walikuwa wamekwisha kufa, na Agano Jipya lilikuwa bado halijakusanywa kuwa kitabu kimoja chenye kukubaliwa na wote.

Neno lilipita kwanza kwa mdomo. Papia, askofu wa Hierapoli (leo ni Uturuki), alipokutana na mtu aliyewafuata wazee, alimuuliza: Petro alisema nini? Tomasi je? Aliandika kwamba sauti ya mtu mzima aliye hai ilimsaidia kuliko vitabu. Sisi watu wa radio tunamwelewa vizuri.

Lakini mdomo unaweza pia kudanganya, na watu wa wakati ule walijua. Kuna kitabu kidogo kinachoitwa Didake, maana yake Mafundisho, ambacho kilipotea mpaka askofu mmoja Mgiriki, Philotheos Bryennios, akakikuta Constantinople mwaka 1873. Ndani mna kanuni juu ya wahubiri wenye kutembea. Mtume akifika, mpokeeni. Akae siku moja, na kama kuna lazima, mbili. Akikaa tatu, ni nabii wa uongo. Akiondoka, apewe mkate wa kumfikisha pale atakapolala, basi. Akiomba makuta, huyo naye ni wa uongo. Na kama anafundisha ukweli lakini hatendi anayofundisha, jibu ni lile lile. Msomaji anaweza kupima mwenyewe ni wahubiri wangapi wangepita mtihani huo leo.

Jina kubwa katika habari hii ni Ireneo. Alikulia upande wa Smirna, mji ambao leo unaitwa Izmir. Akiwa kijana alimsikiliza mzee Polikarpo, askofu wa pale, na Polikarpo, kufuatana na Ireneo, alikuwa amemsikia Yohana. Kati ya Ireneo na wale waliomwona Bwana kulikuwa basi mtu mmoja tu. Miaka mingi kiisha, Ireneo alimwandikia rafiki yake wa utoto, Florino, aliyekuwa amegeukia mafundisho mengine. Alimkumbusha pahali Polikarpo alipokuwa akikaa, namna alivyoingia na kutoka, vile alivyosimulia maneno ya Yohana. Aliongeza kwamba hayo yote hakuyaandika kwenye karatasi, aliyaweka moyoni. Ni barua ya mtu mwenye kulilia rafiki, si ya mwenye kutafuta kushinda mabishano tu.

Polikarpo aliuawa kunako mwaka 155 ao 156. Ireneo alihamia Lyon, Ufaransa ya leo. Mwaka 177 mateso yaliwapata Wakristo wa kule, askofu wao Potino, mzee wa zaidi ya miaka 90, akafia gerezani. Ireneo ndiye aliyechukua nafasi yake. Kunako mwaka 180 aliandika vitabu vitano vya kupinga walimu waliosema kwamba mitume waliacha siri kwa watu wachache wenye akili. Jibu lake lilikuwa rahisi: kama kungekuwa siri, mitume wangewapa wale waliowakabizi makanisa. Na watu hao wanajulikana kwa majina. Alitaja maaskofu wa Roma mmoja mmoja, kumi na wawili mpaka siku zake. Fundisho linatolewa mbele ya watu wote, na ni lile lile pote: muhubiri mwenye kusema vizuri haongezi, na yule mwenye ulimi mzito hapunguzi. Kuna makabila, alisema, yasiyojua kusoma ambayo yanalishika fundisho hilo bila karatasi wala wino.

Aliandika pia kitabu kifupi juu ya mahubiri ya mitume. Kilipotea, kikabaki jina tu, mpaka kilipopatikana mwaka 1904 kule Yerevan, katika lugha ya Kiarmenia.

Ibada zenyewe zilisaidia. Yustino, aliyeandika Roma kunako mwaka 155, anaeleza kwamba siku ya Yenga walisoma kumbukumbu za mitume ao maandiko ya manabii, kadiri saa ilivyoruhusu, kiisha kiongozi akawahimiza watu kuyafuata. Makuta yaliyochangwa yalikuwa ya yatima, wajane, wagonjwa, wafungwa na wageni.

Je, mnyororo huo haukukatika hata kidogo? Tuseme kweli, ulikuwa na kutu pahali pahali. Ireneo mwenyewe aliandika kwamba Yesu alifika karibu miaka 50, na akasema wazee walilipata jambo hilo kwa Yohana. Wengi hawakumfuata hapo.

Tena kulikuwa Pasaka. Wakristo wa Asia waliifanya siku ya 14 ya mwezi wa Wayahudi, hata ikiangukia siku gani ya juma, na walisema waliipokea kwa Yohana. Roma walingoja siku ya Yenga, nao walisema ni desturi ya wazee wao. Kunako mwaka 190, Askofu Vikta wa Roma alitaka kuwatenga watu wa Asia. Ireneo, ingawa yeye mwenyewe alishika siku ya Yenga, alimwandikia na kumkumbusha jambo lililopita: Polikarpo, akiwa mzee sana, alikuja Roma kuzungumza na Askofu Aniketo juu ya ulizo hilo hilo. Hakuna aliyemshawishi mwenzake. Aniketo akamwachia mgeni wake aongoze Ekaristi kanisani mwake, na wakaagana kwa amani.