Msukumo, msuguano na roketi za Malindi

Leo tunaweka kando hifadhidata na lugha za programu, tunaingia kwenye fizikia. Msikimbie, kuna programu fupi mbele!

Aliyesoma fizikia huku Kisii analijua lile swali: kipande cha mbao kiko mezani, kinasukumwa, kuna msuguano, tafuta mchapuko (yaani kasi inaongezeka kiasi gani kila sekunde). Tuondoe mbao, tuweke jiwe la sabuni kutoka Tabaka. Jiwe lina kilo 20, msukumo ni Newton 120, kigezo cha msuguano ni 0.5. Tukichukua g kuwa 10, uzito ni Newton 200 na msuguano ni 100. Zinabaki Newton 20. Gawa kwa kilo 20, mchapuko ni 1. Baada ya sekunde 4 jiwe linakwenda mita 4 kwa sekunde. Ukiacha kusukuma, msuguano unalipunguzia mita 5 kwa sekunde katika kila sekunde, kwa hiyo linasimama baada ya sekunde 0.8. Basi, chukua alama zako.

Hesabu hiyo ina wazee wake. Isaac Newton alitoa sheria za mwendo mwaka 1687. Guillaume Amontons wa Ufaransa alieleza mwaka 1699 kwamba msuguano unalingana na uzito unaokandamiza. Charles-Augustin de Coulomb, mwaka 1785, aliongeza kwamba kwa vitu vikavu msuguano hautegemei sana kasi. Swali la darasani linaishia hapo, na mwanafunzi anatoka akidhani habari ya roketi ni ya Wamarekani na Warusi peke yao. Kumbe maabara kubwa ya msukumo na msuguano ilikuwa hapa hapa Kenya!

Mwaka 1962 Italia na NASA walikubaliana kuhusu mradi wa San Marco. Kiongozi wake alikuwa Luigi Broglio, profesa wa Chuo Kikuu cha Roma. Majukwaa mawili, San Marco na Santa Rita, yaliwekwa baharini karibu na Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Mwaka 1964 walianza na roketi ndogo za uchunguzi. Kisha tarehe 26 Aprili 1967, roketi ya Scout ikaondoka pale na setilaiti ya San Marco 2.

Kwa nini Malindi? Dunia inazunguka, na mtu aliye kwenye ikweta anabebwa mashariki kwa mita 465 hivi kwa sekunde. Malindi ni karibu hivyo hivyo. Kule Wallops, Virginia, ambako Waitaliano walirushia San Marco 1 mwaka 1964, ni mita 367 hivi. Tofauti ni karibu mita 100 kwa sekunde, za bure, kabla hujawasha mafuta. Tena mashariki ya Malindi ni bahari tupu, vipande vya roketi havimwangukii mtu.

Sasa jaribuni kutumia hesabu ya jiwe la Tabaka kwa Scout. Haikubali. Scout ilikuwa na hatua nne za mafuta makavu, na masi yake ilipungua kila sekunde mafuta yakiungua. Msuguano wa hewa nao si wa Coulomb: kasi ikiwa mara 2, unakuwa mara 4, ila unapungua hewa inavyokuwa nyepesi. Ndiyo maana hauwi mkubwa kabisa pale chini (roketi bado ni polepole) wala kule juu (hewa imekwisha), bali katikati ya safari. Fomula moja ya darasani haitoshi. Sisi waandika programu tunakata muda vipande vidogo:

kila kipande cha muda:
kani = msukumo − uzito − msuguano
mchapuko = kani ÷ masi
kasi = kasi + mchapuko × muda
kimo = kimo + kasi × muda
masi = masi − mafuta yaliyoungua

Hiyo ni kwa roketi inayopanda wima. Mistari mitano tu! Ni Newton yule yule wa 1687, ila anaulizwa upya kila kipande cha muda.

Utamu zaidi uko kwenye San Marco 2 yenyewe. Kazi yake ilikuwa kupima msuguano. Broglio aliunda mizani: ganda jepesi la nje limeshikwa kwa viungo vinavyonyumbuka na kiini kizito cha ndani. Hewa ikilisukuma ganda, linasogea kidogo, na msogeo huo unapimwa. Tufanye makisio. Tufe la sentimita 66, kasi ya kilomita 7.9 kwa sekunde, kimo cha kilomita 220, na tuchukue densiti ya hewa kuwa kilo 0.0000000002 kwa mita ya ujazo. Jibu linakuja kama Newton 0.005, sawa na uzito wa nusu gramu hapa chini. Nusu gramu dhidi ya setilaiti ya kilo 129! Lakini hiyo nusu gramu haikupumzika, na tarehe 14 Oktoba 1967 San Marco 2 ilikuwa imeanguka.

Na hapa kuna mtego. Msuguano ulifanya setilaiti iende kwa kasi ZAIDI. Kwenye obiti inayokaribia duara, kwa kila juli 1 inayoporwa na msuguano, nishati ya kimo inapungua juli 2, na ile moja iliyobaki inaingia kwenye mwendo. Anayekariri kwamba msuguano hupunguza kasi siku zote anakwama hapo. Anayechora kani zote kwanza, hakwami.

Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka 7 ya uhuru, ikarushwa setilaiti ya kwanza ya kuchunguza eksirei za nyota, ikaitwa Uhuru. Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi hiyo, alipata tuzo ya Nobel mwaka 2002. Urushaji wa tisa na wa mwisho wa setilaiti pale ulikuwa Machi 1988. Taifa-1, setilaiti yetu ya 2023, ilibidi iondokee California.

Mimi naona hivi: ikweta haikuhama. Malindi bado inatoa zile mita za bure. Kilichosimama ni pesa na mipango, si fizikia. Na mtoto wa Nyamira anayefundishwa kwamba msuguano ni mbao na meza tu, ananyimwa historia yake. Walimu, wekeni Scout kwenye ubao.

Zoezi: andika ile mistari mitano kwa lugha unayoipenda, ondoa msuguano, kisha urudishe. Tuambie kwenye maoni kimo kimepungua kiasi gani. Kazi njema!