Uzao na Vifo katika Nasaba za Abagusii

Katika nyanda za juu za kusini-magharibi mwa Kenya, ambako leo kuna kaunti za Kisii na Nyamira, nasaba ilifanya kazi ya sheria kwa muda mrefu kabla ya kuwako kwa mahakama na daftari za serikali, kwa kuwa ndiyo iliyoamua nani aweza kumwoa nani, nani alime wapi na nani alipe au alipwe fidia. Makundi makubwa ya Abagusii, wenyeji wa huko, yaani Kitutu, Nyaribari, Bobasi, Bomachoge, Wanjare na Mugirango, huhesabu asili yao hadi kwa babu mmoja aitwaye Mogusii. Chini ya makundi hayo ziko koo, na chini ya koo iko milango ya uzao ambayo kwa lugha yao ya Ekegusii kila mmoja huitwa egesaku. Mzee aliyeweza kupanda ngazi hiyo bila kukwama, kutoka kwa baba yake hadi kwa mwasisi wa mlango wake, alikuwa na hoja nzito katika shauri lolote la shamba au la mahari.

Elimu hiyo haikuwa ya wanaume peke yao, ingawa orodha za majina hutajwa kwa upande wa baba. Mume mwenye wake kadhaa aligawa ng'ombe na mashamba yake kwa kufuata nyumba za wake zake, na kila nyumba, ambayo huitwa enyomba, ilikuwa na mama yake, watoto wake na haki zake, hivyo wana wa mama mmoja ndio mara nyingi waliofungua mlango mpya wa uzao. Mtafiti anayeandika akina baba peke yao hupata mstari wa majina, lakini hawezi kueleza kwa nini ndugu wawili wa baba mmoja walitengana, kwa sababu jibu la swali hilo liko kwa wake wa babu yao. Zaidi ya hayo, mke alitoka katika ukoo mwingine, kwani ndoa ndani ya ukoo ilikatazwa, na kabla ya posa kukubaliwa alitumwa mshenga aitwaye esigani kuchunguza jamaa ya upande wa pili. Uchunguzi wa nasaba, kwa maana hiyo, ni kazi ya zamani sana huko Gusii, na wanaoufanya leo wanaendeleza desturi ya wenyeji.

Hata hivyo nasaba inapaswa kusomwa kwa tahadhari. Walikuwako watu walioitwa abamenyi, yaani wageni waliopewa hifadhi na kukaa katika ardhi ya ukoo usio wao, ambao baada ya vizazi kadhaa wajukuu wao waliweza kuhesabiwa kama wazawa. Profesa William Ochieng', ambaye kitabu chake juu ya historia ya Abagusii kabla ya ukoloni kilichapishwa mwaka 1974, alikusanya masimulizi ya wazee wa koo mbalimbali na kuhesabu vizazi ili kukadiria nyakati za kuhama, ikiwa ni pamoja na kukaa katika tambarare za Kano na baadaye Kabianga, kabla ya kuenea katika milima ya sasa. Njia hiyo ina manufaa makubwa, lakini ina udhaifu unaojulikana na wanahistoria wa masimulizi: majina ya katikati husahaulika, vizazi vikafupishwa, na mtu aliyetajwa kuwa baba akawa kwa kweli ni babu wa babu.

Udhaifu mkubwa zaidi, ambao haujapewa uzito unaostahili, ni kwamba nasaba hushika uzao na kuacha kifo. Inasema fulani alimzaa fulani, wala haisemi alikufa lini, kwa nini, au alizikwa wapi. Pengo hilo huzibwa kwa kiasi fulani na desturi ya kuwapa watoto majina ya jamaa waliokwisha kufa. Ikiwa mjukuu alipewa jina la babu yake, ni dhahiri kwamba babu huyo alikuwa amefariki kabla ya mtoto huyo kupewa jina. Na ikiwa mtoto huyo alibatizwa, mwaka ulioandikwa katika daftari la kanisa huweka mpaka ambao kifo cha babu hakiwezi kuuvuka. Majina ya wajukuu kadhaa yakilinganishwa, mpaka huo husogezwa nyuma hadi kukaribia tukio lenyewe. Hakuna chombo bora kuliko hiki kwa vifo vya mwishoni mwa karne ya 19, na kinapatikana bila gharama katika kila boma lenye bibi anayekumbuka wajukuu walirithi majina ya nani.

Ushahidi wa pili uko ardhini. Abagusii huzika nyumbani, na kwa desturi mwanamume alizikwa upande wa kulia wa nyumba yake na mwanamke upande wa kushoto, hivyo hata kaburi lisilo na alama linaweza kutambuliwa na anayejua nyumba ilisimama wapi. Wafu hao waliendelea kuwa na neno katika maisha ya wazao wao: maradhi yalipozidi, mwaguzi, ambaye huitwa omoragori, aliweza kuyahusisha na mizimu ya mababu, yaani ebirecha, na jamaa wakalazimika kujua ni nani aliyesahauliwa. Tangu Sheria ya Uamuzi wa Haki za Ardhi (Land Adjudication Act) ya mwaka 1968 kaburi limekuwa pia shahidi wa umiliki mbele ya wapimaji na mahakama. Lakini katika Kaunti ya Kisii, ambako sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 1,266,860, yaani zaidi ya 900 kwa kila kilomita moja ya mraba, mashamba yamegawanywa hadi makaburi ya zamani yamelimwa na kujengwa juu yake. Na jamaa waliohamia makazi mapya ya Borabu miaka ya 1960 waliacha makaburi ya wazazi wao nyuma.

Viko pia vifo ambavyo havikuacha kaburi. Majeshi ya Waingereza yaliishambulia Gusii mwaka 1905, kisha mwaka 1908 baada ya Otenyo, kijana wa Kitutu aliyechochewa na nabii wa kike Moraa wa Ngiti, kumchoma mkuki mkuu wa wilaya G. A. S. Northcote mwezi Januari. Northcote alipona, lakini nyumba zilichomwa, ng'ombe wakatekwa na watu wakauawa kwa wingi kiasi kwamba Winston Churchill, aliyekuwa naibu waziri wa makoloni, alihoji kwa maandishi kama mauaji ya namna hiyo yalikuwa ya lazima. Taarifa za kijeshi zilitoa idadi ya waliokufa bila majina. Masimulizi ya wenyeji yalishika jina la Otenyo, na yanasema kwamba aliuawa, akakatwa kichwa, na kichwa hicho kikapelekwa Uingereza. Jamaa zake wamekidai hadi karne hii. Wengine waliouawa pamoja naye wanaishi, kama wanaishi, katika majina ya wajukuu tu.

Hali ilikuwa hivyo hivyo katika Vita vya Kwanza vya Dunia, ambavyo vilifika mjini Kisii penyewe Septemba 1914 na kisha kuwachukua vijana kwenda kubeba mizigo ya jeshi. Wapagazi wengi wa Afrika Mashariki walikufa kwa kuhara, homa na njaa, wakazikwa njiani. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba maelfu mengi ya wafu wa aina hiyo hawakukumbukwa kwa majina kama walivyokumbukwa askari wa Ulaya.

Maandishi yanayoweza kusaidia yako sehemu nyingi, lakini si ya zamani sana. Misheni ya Kikatoliki ya Nyabururu ilianza mwaka 1911 na ya Waadventista huko Nyanchwa mwaka uliofuata, na kutoka hapo yanaanza majina ya waliobatizwa na kufunga ndoa. Kipande, yaani cheti cha utambulisho kilichowekwa kwa sheria ya mwaka 1915 na kuanza kutumika baada ya vita, kiliandika wanaume peke yao. Uandikishaji wa lazima wa vizazi na vifo ulienea hatua kwa hatua na kufika nchi nzima mwaka 1971 tu, kwa hiyo mtu aliyefia kijijini kabla ya hapo huenda hana cheti chochote. Majalada ya wilaya, ambayo kabla ya uhuru yaliandikwa chini ya Kavirondo Kusini na baadaye Nyanza Kusini, yanapatikana katika Hifadhi ya Nyaraka za Taifa jijini Nairobi, na anayetafuta chini ya jina la Nyamira hatayaona, maana wilaya hiyo ilizaliwa mwishoni mwa miaka ya 1980.

Kila jamaa yenye mzee au bibi aliye hai na iandike sasa mambo matatu ambayo nasaba haiyataji: ukoo aliotoka kila mke, mahali lilipo kila kaburi, na ni mtoto gani aliyepewa jina la marehemu gani. Makanisa nayo yatoe nakala za daftari zao za kwanza za ubatizo na kuziweka katika maktaba za kaunti, ambako kila mzawa ataweza kuzisoma.