Waridi Ufipani: Historia Fupi ya Maana ya Ua katika Kanisa

Walutheri wa Sumbawanga, kama wenzao kwingineko, wanaujua muhuri wa Luther: msalaba ndani ya moyo, na moyo ndani ya waridi jeupe. Jirani zao Wakatoliki husali rozari. Alama hizi mbili, ambazo twadhani zatutenga, zimechipuka katika ua moja.

Kanisa halikulipokea ua hilo tangu mwanzo. Huko Kartago, Afrika ya Kaskazini, mnamo mwaka 211 hivi, Tertuliano aliwakataza Wakristo kuvaa mataji ya maua, kwa kuwa yalikuwa mapambo ya ibada za miungu. Miaka 40 hivi baadaye, katika mji uleule, Askofu Sipriano aliwaandikia Wakristo walioteswa kwamba Kanisa lina maua yake: nyinyoro nyeupe za matendo mema, na mawaridi mekundu ya damu ya mashahidi.

Katika Zama za Kati, Maria aliitwa waridi lisilo na mwiba. Jina la rozari nalo latokana na neno la Kilatini lenye maana ya bustani ya mawaridi. Kisha, tarehe 8 Julai 1530, Luther akiwa katika ngome ya Coburg alimweleza rafiki yake Lazarus Spengler maana ya muhuri wake: waridi ni jeupe, si jekundu, kwa kuwa imani huleta furaha, faraja na amani, na nyeupe ni rangi ya roho na malaika.

Mwaka 1885 Mapadre Weupe walifika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, na baadaye kazi yao ikapanda hadi nyanda za juu za Ufipa. Hivyo waridi lilitangulia kufika likiwa shanga mkononi. Muhuri wa Luther ulifuata.

Twajifunza kwamba ua halizaliwi na maana. Watu ndio huipa, na Kanisa limewahi kuibadili. Basi mchungaji akikuta ua au jani la nchi hii likitumika msibani au arusini, asilifukuze upesi, wala asilipokee bila kuuliza. Awaulize kwanza wazee lilisema nini. Waridi letu nalo alieleze, kama Luther alivyolieleza, maana alama isiyoelezwa hubaki pambo tu. Wala asiidharau rozari ya jirani: nayo ni bustani ya ua lilelile.