Shanga Nyekundu za Usukuma

Julai 1858, Mwingereza John Hanning Speke alimwacha mwenzake Richard Burton huko Kazeh, Tabora ya leo, akashika njia ya kaskazini. Alipita Msalala, Nindo na Salawe, katika nchi ambayo sasa ni Mkoa wa Shinyanga, na tarehe 3 Agosti akaliona Ziwa Victoria kule Mwanza, Usukuma. Wapagazi wake walibeba shanga za kioo za kununulia chakula. Tatizo ni kwamba zilikuwa nyeupe tupu, na wenyeji walitaka za rangi. Shanga anazo, lakini soko halizitaki.

Burton alitaja aina zipatazo 400 za shanga katika biashara ya bara. Mwaka 1871 msafiri Henry Stanley alinunua Unguja magunia 22 ya shanga, baada ya kuambiwa kwamba Unyamwezi, nchi jirani ya Usukuma, hupokea nyekundu, zilizoitwa samesame, na kwamba nyeusi zina soko Ugogo tu.

Samesame zilitengenezwa Venice, Italia. Fundi alichota kioo cheupe cha moto, akakiwekea uwazi katikati, akakivika kioo chekundu. Watu wawili wakakivuta, kila mmoja akienda upande wake, mpaka kikawa mrija mrefu mwembamba. Mrija ukakatwa vipande vidogo, navyo vikazungushwa motoni hadi makali yakalainika.

Bandari ya Salem, katika jimbo la Massachusetts, Marekani, ndiyo iliyopeleka Unguja kitambaa cha merikani, kilichosafiri bara pamoja na shanga.

Utawala wa Wajerumani ulipoleta rupia na kodi, shanga zikaacha kuwa fedha zikabaki pambo. Hata hivyo historia yake inatufundisha jambo: mnunuzi wa Usukuma hakupokea tu kila kilicholetwa. Alichagua, na asiyejua chaguo lake alirudi na mzigo.

Kwa hiyo ukikuta shanga nyekundu katika sanduku la bibi, chungulia tunduni. Ukiona weupe ndani ya wekundu, usiitupe wala usiiuze kwa haraka. Muulize bibi aliipata kwa nani, kisha uandike jibu lake.